Kima cha chini cha mshahara kishuke jukwaani

Kwa Mhariri,

Kila Leba Dei inapokaribia, kurasa za magazeti yetu hujaa mabishano yale yale kuhusu kima cha chini cha mshahara. Muungano wa vyama vya wafanyakazi, COTU, husema kwamba gharama ya maisha imepanda na mfanyakazi hawezi kungoja zaidi. Shirikisho la Waajiri, FKE, hujibu kwamba nyongeza itawalazimu waajiri kupunguza watu. Rais hupanda jukwaani, hutaja asilimia, umati hushangilia, na kufikia mwisho wa Mei jambo lenyewe limekwisha kusahauliwa. Naandika kwa sababu naona pande hizo mbili zinavutana juu ya hofu ambayo, kwa jiji hili, si kubwa kama inavyosemwa, huku lililo zito likipita bila kuguswa. Amri ya mshahara hapa Nairobi ni nadra kuiua kazi. Mara nyingi huihamisha. Humtoa mtu katika daftari la mwajiri ikamwingiza katika daftari la wakala wa vibarua, au ikamtoa katika madaftari yote mawili, na kinachoamua ni wangapi watakaohamishwa ni namna nyongeza inavyotangazwa, na nani anayeikagua, kuliko ukubwa wa nyongeza yenyewe.

Mimi ni mhasibu, wala si mwanauchumi wa chuo kikuu. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeitumia kutayarisha mishahara katika Eneo la Viwanda, na mengi ya nitakayosema nimeyaona kwenye vitabu vya hesabu, ingawa nitayapima pia kwa yale waliyoandika wataalamu.

Tuanze na hesabu yenyewe. Amri iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2022 iliweka mshahara wa mfanyakazi asiye na ujuzi maalumu katika majiji ya Nairobi, Mombasa na Kisumu kuwa shilingi 15,201.65 kwa mwezi. Ile iliyoanza tarehe 1 Novemba 2024 ikaupandisha kwa asilimia 6 hadi shilingi 16,113.75. Juu ya hapo mwajiri asiyempa mfanyakazi mahali pa kuishi anapaswa kuongeza marupurupu ya nyumba ya asilimia 15. Mfagiaji wa kiwanda kilicho Barabara ya Lunga Lunga, basi, alitoka shilingi 17,481.90 akafika shilingi 18,530.81, yaani nyongeza ya takriban shilingi 1,049. Hadi hapo makofi yana haki yake. Lakini kati ya tarehe hizo mbili makato nayo yalibadilika. Mwaka 2022 mfagiaji huyo alikatwa shilingi 200 za hazina ya uzeeni ya NSSF na shilingi 600 za bima ya hospitali ya NHIF, akaenda nyumbani na shilingi 16,681.90. Mwishoni mwa 2024 alikatwa asilimia 6 ya NSSF, asilimia 2.75 ya bima mpya ya afya na asilimia 1.5 ya ada ya nyumba za bei nafuu, jumla shilingi 1,899.41, akabaki na shilingi 16,631.40. Baada ya nyongeza ya asilimia 6, alichopokea mkononi kilikuwa kimepungua kwa shilingi hamsini.

Sasa tazama upande wa mwajiri wa mfagiaji yule yule. Naye hulipa sehemu yake ya NSSF, ambayo ilitoka shilingi 200 ikafika zaidi ya shilingi 1,100, na hulipa ada ya nyumba sawa na ile ya mfanyakazi. Gharama yake kwa mtu mmoja ilipanda kutoka takriban shilingi 17,682 hadi takriban shilingi 19,921, ongezeko la karibu asilimia 13, na hapo sijahesabu likizo wala bima ya ajali kazini. Mmoja anasema hakuona nyongeza yoyote, mwingine anasema amebebeshwa mzigo mara mbili ya uliotangazwa, na wote wawili wanasema kweli. Najua kwamba fedha za NSSF hazijapotea. Ni akiba ya mwenyewe, na mwajiri ameiongezea yake. Hata hivyo mwenye chumba cha mabati kule Mukuru kwa Njenga hapokei akiba ya uzeeni kuwa kodi ya mwezi, na anayetoa uamuzi wa mshahara bila kumsikiliza anayetoa uamuzi wa makato anafanya nusu ya hesabu.

Mwajiri aliyepandishiwa gharama namna hiyo hufanya nini? Nitaeleza nilichoshuhudia mwaka 2017, mwaka wa uchaguzi, nyongeza ilipotangazwa kuwa asilimia 18. Katika kiwanda nilichokuwa nikifanyia kazi hakufukuzwa mtu siku ile wala mwezi ule. Meneja aliagiza orodha ya wafanyakazi wote wa kufungasha, wa kupakia na wa usafi, akaipitia kwa kalamu, na muda si mrefu akaja mwanamume mmoja na mkoba wa karatasi aliyekuwa wakala wa vibarua. Waliotiwa alama waliambiwa kwamba mikataba yao imefika mwisho na kwamba anayetaka kazi aende kujiandikisha kwa wakala pale langoni. Jumatatu iliyofuata walikuwa wamesimama kwenye mashine zile zile, tofauti ikiwa rangi ya koti la kazi. Malipo yakawa ya siku, yakipitia kwa wakala, naye akitoa chake kwa kila kichwa. Mwezi ulipokaribia kukamilika, karani wa lango alikuwa na karatasi ya majina ya watu wa "kupumzishwa" siku chache, kisha wakaitwa tena.

Kupumzishwa huko hakukuwa huruma. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema kwamba kibarua aliyefanya kazi kwa siku zinazofuatana ambazo jumla yake haipungui mwezi mmoja, au anayefanya kazi ambayo haiwezi kumalizika katika miezi mitatu, huhesabiwa kuwa mfanyakazi wa mshahara wa mwezi na haki zake zote. Ni kifungu kizuri mno. Kinachokosekana ni mtu wa kufungua daftari la langoni na kuuliza kwa nini majina yale yale huondoka siku za mwisho wa mwezi na kurudi siku za mwanzo wa mwezi unaofuata. Maafisa wa kazi ni wachache, magari yao ni machache zaidi, na wakifika kiwandani huonyeshwa orodha ya mishahara iliyobaki ofisini, ambayo kweli haina dosari, kwa kuwa wenye dosari wamehamishiwa kwa wakala. Kwa mwenye kiwanda, jumla ya fedha zinazotoka haikupungua sana, maana wakala naye analipwa. Alichonunua ni kuondokana na likizo, na malipo ya kuachishwa, na kesi. Kwenye takwimu za ajira haonekani aliyepoteza kazi hata mmoja. Anayetafuta madhara ya kima cha chini kwa kuhesabu waliofukuzwa hatayaona.

Vitabu vya mwanzo vya uchumi husema kwamba bei ikipandishwa kwa amri, wanunuzi hupungua, na kazi nayo hununuliwa na kuuzwa. Hoja hiyo haipuuziki, ila huchukulia kwamba mfanyakazi ana waajiri wengi wa kuchagua na kwamba hakuna hata mmoja kati yao mwenye nguvu juu ya bei. Mwaka 1933 mwanauchumi Joan Robinson wa Cambridge alieleza hali iliyo kinyume, ya soko lenye mnunuzi mmoja wa kazi au wachache, ambamo mwajiri huweza kulipa chini ya thamani ya kile mfanyakazi anachozalisha kwa kuwa anajua hana pa kwenda. Katika soko la aina hiyo kima cha chini, kikiwekwa kwa kipimo, huweza kupandisha mshahara bila kupunguza kazi. Sidhani kwamba ni nadharia ya mbali. Mwanamke anayetoka Mukuru kwa Reuben alfajiri kwenda kazini kwa miguu, pamoja na maelfu wengine wanaojaza njia zile kabla jua halijachomoza, hawezi kuuza nguvu zake Kikuyu au Thika, kwa sababu nauli ya kwenda na kurudi ingekula sehemu kubwa ya ujira wa siku. Soko lake ni viwanda vinavyofikika kwa miguu, na mameneja wa viwanda hivyo hujuana.

Ushahidi wa ng'ambo nao haumuungi mkono moja kwa moja anayedai kwamba kila nyongeza hufukuza watu. Wanauchumi David Card na Alan Krueger walilinganisha migahawa ya vyakula vya haraka ya New Jersey, ambako kima cha chini kilipanda Aprili 1992 kutoka dola 4.25 hadi dola 5.05 kwa saa, na migahawa ya mashariki mwa Pennsylvania ambako hakikupanda, na katika matokeo waliyochapisha mwaka 1994 hawakuona kwamba ajira ilipungua New Jersey. Wengine, akiwemo David Neumark, walizipinga takwimu zao kwa nguvu, na ubishi huo haujaisha. Hata hivyo Card alitunukiwa tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2021, na leo ni vigumu kumpata mtaalamu makini anayesema kwamba jibu ni lile lile kila mahali. Ujerumani ilipoanzisha kima cha kitaifa cha yuro 8.50 kwa saa mwezi wa Januari 2015, wapo waliotabiri kwamba mamia ya maelfu ya kazi yangepotea, na utabiri huo haukutimia.

Watetezi wa nyongeza, ambao mimi ni mmoja wao, tusiichukue mifano hiyo tukaileta Nairobi kama ilivyo. Mgahawa wa New Jersey hauna wakala wa langoni, na mfanyakazi akiondolewa vitabuni mtoza ushuru huuliza. Kwetu zaidi ya wanane kati ya kila kumi wenye kazi wako katika sekta isiyo rasmi, ambako amri ya mshahara haifiki, kwa hiyo mlango wa kutokea uko wazi mchana kutwa. Mabel Andalón na Carmen Pagés, waliochunguza kima cha chini nchini Kenya kwa kutumia takwimu za ajira za 1998 na 1999, waliona jambo ambalo mhasibu yeyote wa kiwanda angelitarajia, kwamba pale ambapo kima cha chini kilikuwa juu zaidi kikilinganishwa na mishahara ya kawaida, sehemu ya watu walioajiriwa rasmi ilikuwa ndogo zaidi na sehemu ya waliojiajiri ilikuwa kubwa zaidi. Kujiajiri ni neno tamu. Kwa wengi maana yake ni kuketi kando ya lango la mtaa wa ghorofa kusubiri nguo za kufua, au kuuza mitumba ya mkopo Gikomba.

Na hapa nataka nikumbushe kwamba jiji hili lina historia ndefu katika suala hili kuliko tunavyodhani. Mshahara wa kikoloni ulikuwa mshahara wa kapera. Mwanamume alilipwa kiasi cha kumtosha yeye peke yake, kitanda na ugali, kwa kuwa ilichukuliwa kwamba mke na watoto wako kijijini wanakula kutoka shambani. Kwa maneno mengine, jembe la mke kule Murang'a au Kakamega lilikuwa likimsaidia mwenye kiwanda wa Nairobi kulipa mishahara. Baada ya mgomo mkubwa wa Mombasa wa 1947 na ule wa Nairobi wa Mei 1950, na hali ya hatari ilipokwisha kutangazwa, kamati iliyoongozwa na Carpenter, Kamishna wa Kazi, ilipendekeza mwaka 1954 kwamba kima cha chini kipandishwe hatua kwa hatua hadi kimtoshe mtu mwenye familia, ili mfanyakazi atulie mjini na aijue kazi yake. Mishahara ilipanda kweli. Waajiri nao wakabadilika: badala ya kundi kubwa la watu wanaokuja na kwenda, wakaanza kubaki na watu wachache wanaodumu na kufundishwa. Aliyebaki ndani alinufaika sana, na mimi nisingependa kurudishwa kwenye mshahara wa kapera kwa hoja yoyote ile. Lakini idadi ya kazi haikupanda kwa kasi ya mishahara, na nchi ilipopata uhuru vijana wasio na kazi walikuwa tele mjini.

Mwaka 1964 serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walitia saini makubaliano ya pande tatu: serikali na waajiri waongeze wafanyakazi, vyama navyo visitishe madai ya nyongeza za mishahara. Milango ya kujiandikisha ilipofunguliwa, waliojitokeza walikuwa wengi mara kadhaa kuliko nafasi zilizoahidiwa, maana watu waliokuwa na mashamba na vibanda vyao waliviacha kuja kujaribu bahati. John Harris na Michael Todaro, walioifahamu Afrika Mashariki kwa karibu, waliandika mwaka 1970 maelezo ya jambo hilo ambayo hadi leo yanafundishwa: mtu anayehamia mjini hupima mshahara wa mjini pamoja na uwezekano wa kuupata, kwa hiyo mshahara ukiwa juu mno kuliko mapato ya shambani, watu wataendelea kuja hata kama wengi wao watakaa bila kazi, na kuongeza kazi chache za mjini peke yake kunaweza kuongeza foleni badala ya kuipunguza. Miaka miwili baadaye ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani uliokuja Kenya uliandika ripoti iliyolitangaza ulimwenguni jina la sekta isiyo rasmi, ukisisitiza kwamba watu hao hawakuwa wavivu wala wahalifu, bali wazalishaji waliokuwa wakisumbuliwa na askari wa jiji. Wanafunzi wa uchumi wa Delhi na Lima hufundishwa nadharia zilizochunguzwa katika mitaa yetu, nasi tunaujadili mshahara kana kwamba suala limezuka Mei iliyopita.

Katika historia hiyo nachukua hasa zile hatua za Carpenter. Kamati yake, pamoja na dosari zote za serikali iliyoiteua, iliona kwamba mshahara upandishwe kwa ratiba inayojulikana. Sisi tumefanya nini? Nyongeza ya asilimia 18 mwaka 2017, asilimia 5 mwaka 2018, kimya mwaka 2019, 2020 na 2021, asilimia 12 mwaka 2022, kimya tena 2023, kisha asilimia 6 iliyotangazwa Mei Mosi 2024 na ambayo amri yake ilianza kutumika Novemba. Katika miezi sita hiyo niliulizwa na waajiri wadogo kama walipe au wangoje, na jibu la kweli lilikuwa kwamba tangazo la jukwaani si sheria hadi lichapishwe katika gazeti rasmi la serikali. Waliolipa mapema walijiona wajinga mbele ya washindani wao.

Utaratibu huo unamuumiza mfanyakazi kwanza. Kutoka Mei 2018 hadi Novemba 2024 kima cha chini cha Nairobi kilitoka shilingi 13,572.90 kikafika shilingi 16,113.75, ongezeko lisilofika asilimia 19 kwa miaka sita na nusu, na katika muda huo bei za bidhaa zilipanda kwa zaidi ya mara mbili ya kiwango hicho. Kisha unamuumiza tena kwa njia nyingine, maana nyongeza inayokuja kwa kishindo baada ya kimya cha miaka ndiyo inayomfanya meneja aitishe orodha na kalamu. Mwenye kampuni ya usafi aliyekubaliana Januari bei ya mwaka mzima na wateja wake hana pa kuitoa asilimia 12 aliyoisikia redioni mwezi wa Mei. Angeijua tangu Novemba iliyotangulia, angeiweka katika bei.

Wenzetu wameliona hilo. Uingereza, iliyoanza na pauni 3.60 kwa saa tarehe 1 Aprili 1999, ina tume inayokalisha pamoja waajiri, vyama vya wafanyakazi na wasomi. Tume hiyo hutoa pendekezo lake mwishoni mwa mwaka, na kiwango kipya huanza Aprili. Afrika Kusini, ambayo ukosefu wake wa kazi ni mkubwa kuliko wetu, ilianza na randi 20 kwa saa Januari 2019, ikawapa wafanyakazi wa mashambani na wa nyumbani viwango vya chini zaidi vya kuanzia, kisha ikavipandisha hadi wakafikishwa pamoja na wengine, na siku hizi kiwango kipya huanza Machi. Si kwamba nchi hizo hazina mabishano. Ila mabishano yao hufanyika mezani, yakiwa na takwimu, na mwajiri anajua tarehe. Sheria yetu ya Taasisi za Kazi ya 2007 nayo imeweka mabaraza ya mishahara ya kufanya kazi hiyo hiyo. Yakiitwa kukutana kila mwaka, yakapewa takwimu za mfumko wa bei za Shirika la Takwimu la Taifa pamoja na orodha ya makato yanayokuja, na yakatakiwa kutoa pendekezo kufikia Oktoba ili amri ianze Januari, sioni kitakachoharibika isipokuwa hotuba moja ya Mei.

Ningependa pia mabaraza hayo yatazame mipaka ya viwango. Amri yetu ina ngazi tatu: majiji makubwa, miji iliyokuwa na manispaa pamoja na Mavoko, Ruiru na Limuru, kisha sehemu nyingine zote. Kwa mfanyakazi asiye na ujuzi, ngazi ya pili ilikuwa takriban shilingi 14,867 na ya tatu takriban shilingi 8,596 katika amri ya Novemba 2024. Ukiifuata Barabara ya Mombasa kuelekea Athi River, unavuka mpaka wa Nairobi na Mavoko bila kujua, na kwa kuvuka tu mshahara wa kisheria umepungua kwa zaidi ya shilingi 1,200, ingawa unga ni bei ile ile na watu wa pande zote mbili hupanda matatu zile zile. Mtafiti kijana anayetaka kujua kima cha chini kinafanya nini kwa ajira hana haja ya kwenda New Jersey; mpaka anao.

Kuna waajiri wengine ambao hawatajwi Leba Dei, nao ni sisi tunaosoma gazeti hili. Ngazi ile ya shilingi 16,113.75 inawataja kwa jina mfagiaji, mtunza bustani, yaya, mtumishi wa nyumbani, mlinzi wa mchana na tarishi. Yaya anayelala kwa mwajiri hadai marupurupu ya nyumba, lakini mshahara wa msingi ni wake kisheria, na sote tunajua kwamba katika mitaa mingi ya watu wa kipato cha kati, South B ninakoishi ikiwemo, wengi hulipwa nusu ya hapo au karibu na nusu. Nikiwauliza majirani husikia jibu moja, kwamba mshahara wao wenyewe hautoshi. Inawezekana. Hapo ndipo hoja ile ya vitabu vya mwanzo vya uchumi ina nguvu zaidi, kwa kuwa mtu aliyeajiriwa benki kwa shilingi elfu arubaini hawezi kumlipa yaya elfu kumi na sita, na akilazimishwa atamwita mama fua mara mbili kwa wiki na mtoto atampeleka kwa jirani. Kwa maoni yangu Afrika Kusini ilifanya vyema kukiri hilo na kuwapandisha wafanyakazi wa nyumbani kwa ngazi zenye tarehe, kuliko sisi tunaowaandikia haki kamili kwenye karatasi ambayo hakuna anayeisoma.

Kwa walinzi tatizo ni jingine. Mwezi wa Januari 2024 mamlaka inayosimamia sekta ya ulinzi wa kibinafsi iliagiza kwamba mlinzi wa Nairobi asilipwe chini ya shilingi 30,000, ikijumlisha marupurupu na saa za ziada, na kampuni nyingi zikapinga hadi mahakamani. Katika kelele zile aliyesahauliwa ni mteja. Bei ya mlinzi huamuliwa na anayetoa zabuni, na kati ya wanaotoa zabuni kubwa ni hospitali za umma, vyuo, mashirika ya serikali na serikali za kaunti. Karani yeyote akigawanya bei ya zabuni kwa idadi ya walinzi walioombwa, usiku na mchana, ataona kama fedha zinatosha kima cha chini au hazitoshi kabla hata kampuni haijaondoa faida yake. Zabuni isiyotosha ikubaliwe kwa msingi gani? Ofisi ya serikali inayotia saini mkataba wa namna hiyo imeajiri chini ya sheria kwa mkono wa mtu mwingine, na Wizara ya Leba ingeweza kuanzia kwao, kwa kuwa hati zote ni za umma na hakuna haja ya gari la kwenda kukagua.

Kuhusu ukaguzi wenyewe, naomba wizara ifanye mambo mawili yasiyo na gharama kubwa. Kila wakala wa vibarua aandikishwe na awe akipeleka daftari lake la siku kwa afisa wa kazi wa eneo, likionyesha jina, kiwanda na tarehe, na mwenye kiwanda awajibike pamoja naye kwa upungufu wowote wa malipo. Hapo "kupumzishwa" kwa mwisho wa mwezi kutaonekana kwa macho. La pili ni kwamba jedwali la viwango lichapishwe kwa Kiswahili, kwa maandishi makubwa, likiwa na marupurupu ya nyumba na makato yote hadi kiasi kinachobaki mkononi, na sheria itake libandikwe nje ya lango, upande ambao vibarua husimama wakisubiri kuitwa. Amri ya Novemba 2024 niliisoma kwa Kiingereza, na sikuwahi kuiona imebandikwa katika lango lolote la Eneo la Viwanda. Mhariri, ukipata nafasi, gazeti lako linaweza kulichapisha jedwali hilo siku ambayo kiwango kipya kitatangazwa. Mimi niko tayari kusaidia kulihakiki.

Wako,
Mhasibu,
South B, Nairobi